Mikate Mitano Isiyofika Tanurini

Mimi na Ba Mfaddal hatukusalimiana vizuri kwa miaka ishirini na miwili. Nasema vizuri, maana kusalimiana tulisalimiana. Huwezi kuishi kichochoro kimoja na mwenye tanuri usimwambie sabalkheri, labda uwe tayari kula mikate mibichi. Lakini zilikuwa salamu za mdomoni tu. Mwaka nilipomwoza binti yangu Nezha nilimpelekea masinia sita ya biskuti za lozi, nimezikanda siku mbili mpaka viwiko vinauma, naye akanirudishia masinia matano mazuri na moja la makaa. Nikamuuliza, "Ba Mfaddal, umeniunguzia?" Akalitazama sinia, akanitazama mimi, akasema, "Unga wako ndio una walakini, Rhimu." Unga wangu mimi. Na mama mkwe wa Nezha amesimama hapo hapo, masikio wazi.

Basi nikimsimulia leo, msidhani namsifia. Ba Mfaddal alikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yake yalimzidi kimo. Mfupi, tumbo mbele, kofia ya kufuma kichwani kiangazi na masika, na nyusi hana, moto umezila zamani. Alizaliwa chumba cha juu ya tanuri, akaingia shimoni, pale anaposimama mchomaji mbele ya mdomo wa moto, akiwa na miaka kumi na moja. Hakutoka tena ila kwenda msikitini na kuoa. Mkewe alipofariki, watoto wakiwa wameshahamia Tanja na Agadir, alibaki pale peke yake na moto wake.

Nyumba arobaini na tatu za mtaa wetu hapa Meknes zinapeleka mikate kwake. Kila nyumba inakanda unga wake asubuhi, inaupanga kwenye ubao, inaufunika kitambaa na kuupeleka. Kila nyumba ina alama yake juu ya mkate: wengine wanachoma kwa uma, wengine wanakata kwa kisu, Lalla Ghita jirani yangu anagandamiza subana yake, ile kofia ya kidole ya kushonea. Lakini Ba Mfaddal alikuwa hahitaji alama. Akigusa unga tu anakwambia wa nani, na akichokozwa kidogo anakwambia na mengine: nyumba fulani ina wageni, fulani amegombana na mumewe maana unga umepigwa kuliko kukandwa, fulani ana mimba ameanza kuzidisha chumvi. Alitujua kuliko daktari. Na alikuwa na neno lake, analisema kila siku akifuta mikono: "Mkate wa kupotea mkononi mwangu haujakandwa bado."

Kitu kimoja tu kilimtisha, na mtaa mzima tulikijua ingawa hakuna aliyekitaja mbele yake. Baba yake, aliyekuwa na tanuri kabla yake, alipotewa na akili akiwa humo humo kazini. Kwanza alisahau majina ya watoto wake. Kisha siku moja akaweka kubadhi zake, viatu vyake vya ngozi, juu ya ubao, akaziingiza motoni, akakaa kusubiri ziive. Watu walicheka. Mfaddal alikuwa kijana wa miaka thelathini, yeye ndiye aliyezitoa kwa koleo. Sikuwahi kumwona akicheka habari hiyo.

Sasa nije kwa msichana.

Lalla Ghita ni mjane, watoto wake wako Kanada, na nyumba yake ina vyumba vinavyomzomea. Kwa hiyo kila mwaka anapokea mwanafunzi, hawa vijana wa mataifa wanaokuja kusoma Kiarabu mwaka mzima. Mwaka huo akapata msichana kutoka Denmark, miaka kumi na sita, mrefu, anaitwa Signe. Kichochoro kilimwita Sini, naye akaitika.

Wiki za kwanza tulipata burudani. Kiarabu chake kilikuwa cha darasani, anasema kama msomaji wa taarifa ya habari. Anakwenda kwa muuza dengu anamwambia, "Amani iwe juu yako, bwana mheshimiwa, je, inawezekana kupata dengu?" Muuza dengu anageuka nyuma kutazama huyo mheshimiwa ni nani. Akiulizwa kama ameshiba anasema ameshiba, kisha anashangaa kwa nini sahani imejazwa tena. Alifunga mlango wa chumba chake asome, Lalla Ghita akaja mbio kwangu.

"Rhimu, mtoto anaumwa."

"Umejuaje?"

"Kajifungia. Mtu mzima wa afya anajifungia mchana?"

Tukampelekea maji ya zaatari, majani yetu ya dawa, tukakaa kitandani kwake mmoja huku mmoja huku, mpaka akafunga kitabu mwenyewe.

Lakini alikuwa mtoto mzuri, na alijitahidi. Balaa lake lilikuwa simu. Anatembea anajirekodi, anawaonyesha wenzake wa kwao mlango, paka, limau. Na alikuwa na jambo jingine linalomkaba. Wanafunzi wale walitia saini karatasi ya masharti siku waliyofika, na msimamizi wao, Ustadha Widad, mwanamke mwenye miwani na faili, hana mchezo. Onyo la tatu, unarudishwa kwenu. Sini alikuwa na mawili. La kwanza alisema yuko maktaba, kumbe yuko mkahawani. La pili alikwenda na wenzake kwenye magofu ya Warumi bila ruhusa wakaachwa na basi. Ulikuwa mwezi wa pili, na masomo yanaisha wa sita. Tangu onyo la pili alikuwa anatembea kwa adabu mpaka unamhurumia.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya Si Tayeb, mzee wa nyumba ya mwisho kichochoroni. Nyumba yake ilipeleka mikate mingi tanurini, ya kugawa makaburini pamoja na tini kavu. Na Lalla Ghita, kama kila siku, alimpa Sini ubao wa mikate yake mitano aupeleke kabla hajaenda shule.

Mimi nilikuwa dirishani. Siko dirishani kila wakati, wanasema tu. Nikamwona Sini anakuja, ubao mkono mmoja, simu mkono wa pili, anaongea na simu anacheka. Nyuma yake anakuja punda wa mitungi ya gesi, na mwenye punda anapiga kelele jihadhari, jihadhari. Mtoto wa hapa akisikia hivyo anabandika mgongo ukutani kabla hajafikiri. Sini alisogea nusu hatua, akaendelea kucheka. Mtungi ukagonga ubao, na mikate mitano chini, kifudifudi, kwenye maji ya mfereji.

Nikajizuia kucheka. Nikasema sasa atalia, atarudi kwa Lalla Ghita, atafokewa dakika mbili, atapewa mkate na asali, yatakwisha. Lakini alisimama tu. Akaokota unga, akaufuta kwa kitambaa, akauona una mchanga. Kisha akatazama huku na huku akautia kwenye pipa la taka. Unga wa mkate, kwenye pipa. Hapa kipande cha mkate mtu akikikuta njiani anakibusu na kukiweka mahali pa juu. Nilishuka mwenyewe nikautoa nikawapa kuku wangu wa darini, huku nanung'unika.

Kilichofuata sikukiona, Sini alikuja kunisimulia mwenyewe. Adhuhuri alirudi kutoka shule, akapita tanurini na ubao mtupu. Ba Mfaddal alikuwa pembeni anaswali. Wakati huo watu huwa wanajichukulia wenyewe, kila mtu anajua vya kwake. Sini akaona rafu imejaa mikate, ya mviringo yote, ya rangi moja yote. Kwao mkate unatoka dukani na unafanana na mwenziwe. Akahesabu mitano, akafunika, akaenda zake. Ile mitano ilikuwa ya matanga.

Lalla Ghita alimega kipande, akatia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Huu si mkate wangu."

Akaugeuza, akaona alama za uma badala ya subana. Akatoka barabarani na mikate minne na nusu kwenye aproni, na kwa upande wa pili wanakuja watu wa Si Tayeb wanauliza mikate yao imekwenda wapi. Wakakutana mlangoni pa tanuri. Lalla Ghita alikaribia kuzimia kwa aibu, amekula mkate wa maiti kabla haujafika makaburini.

"Ba Mfaddal," akasema, "umenipa ya watu, na yangu iko wapi?"

"Yako sikuiona leo," akasema Ba Mfaddal.

"Hukuiona vipi? Nimeileta. Ameileta Sini. Sini, hukuileta?"

Nilikuwa nimefika hapo tayari, mnanijua. Nikamtazama msichana. Shingo ilimpanda wekundu mpaka masikioni, akatazama viatu vyake.

"Nilileta," akasema.

Ba Mfaddal akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Akaangalia rafu, akaangalia ndani ya moto, akaangalia mikono yake. "Basi ni mimi," akasema. "Nisameheni, enyi watu. Ni mimi." Akachota unga wake mwenyewe akaanza kukanda mingine, na watu wa Si Tayeb wakasubiri, wakachelewa makaburini.

Mnaniuliza nilifanya nini. Nilikwenda nyumbani nikapika dengu. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili Ba Mfaddal alisema "ni mimi" mbele ya watu, na ingawa hakuniambia mimi, nilikula ile sauti pamoja na dengu zangu na zikashuka tamu. Nasema kweli kwa sababu ukweli ndio habari yenyewe.

Jumanne hazikushuka tena. Ba Mfaddal alipita mlango kwa mlango, nyumba zote arobaini na tatu. "Hamkupata mikate ya Ghita, yenye subana? Mitano?" Hakuna aliyeipata. Akafika kwangu.

"Rhimu, nitakuuliza kitu, usinicheke. Jumatatu ulimwona yule msichana akiniletea ubao?"

"Sikuwepo," nikasema. Kuku wakalia huko juu, nikakohoa.

"Maana sikumbuki," akasema. "Najitahidi usiku na mchana, siuoni ule ubao. Mikate imefika mkononi mwangu, nimeifanyia kitu, na sijui nini." Kisha akasema polepole, "Mzee alianza hivi hivi."

Jumatano alitangaza. Ijumaa baada ya swala atazima moto, atapeleka ufunguo kwa watu wa wakfu, tena apewe mwingine au wafunge, shauri lao. Yeye atakwenda kwa mwanawe Agadir akakae kitini asubiri. Akasema hivyo hivyo, asubiri. Moto ule haujawahi kuzimwa tangu babu yake. Na ili amalize siku mbili zile bila kudhulumu mtu, alinunua chaki. Kila aliyeleta ubao alimuuliza, "Wa nani?" akaandika jina la nyumba. Yeye aliyekuwa anatujua kwa kugusa. Wanawake walitoka mle wanafuta macho kwa ncha za mitandio.

Alhamisi nilimwita Sini darini kwangu, aje anisaidie kuanika nguo.

"Unawaona kuku hawa?" nikamwambia. "Tangu Jumatatu wanataga vizuri."

"Ni habari njema, Halati Rhimu." Halati ni mama mdogo, ndivyo alivyozoea kuniita.

"Wamekula unga mzuri. Una mchanga kidogo, lakini mzuri. Sijui nani aliutupa."

Akashika shuka lililolowa akabaki nalo kifuani, maji yanamtiririka. Akaanza kulia kwa Kiarabu cha taarifa ya habari, na hapo sikuweza kucheka. Akasema ana maonyo mawili. Akasema alidhani mkate ni mkate. Akasema alifikiri Ba Mfaddal atakasirika siku moja tu, hakujua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa ajili ya mikate mitano.

"Si mikate, mwanangu," nikamwambia. "Anadhani anapotewa na akili. Baba yake alipotewa." Nikamsimulia zile kubadhi.

Akakaa chini. "Kwetu mtu akikosea anasema mwenyewe. Mama yangu alinifundisha tangu nina miaka minne."

"Basi mbona hukusema?"

"Nikiwa na miaka minne hakuna aliyenitishia tiketi ya ndege." Akapangusa pua. Kisha akanitazama moja kwa moja kwa yale macho yake meupe. "Na wewe, Halati? Wewe uliona. Mbona hukusema?"

Mtoto wa watu. Nikawatazama kuku.

"Mimi niliunguziwa biskuti," nikasema.

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa."

Akalitundika lile shuka kwenye kamba. Tukashuka kwa Lalla Ghita.

Lalla Ghita aliposikia hakufoka. Alijipiga kifua mara moja, akakaa, akapanga mambo haraka kama anavyopanga wali wa wageni. "Nyamazeni. Hakuna aliyesikia. Nitakwenda mimi nitasema Jumatatu nilisahau kukanda, niliota tu. Mzee atatulia, mtoto hatapata onyo, kwisha."

"Hapana, Mama Ghita," Sini akasema. "Kosa ni langu."

"Wewe uko chini ya dari yangu. Kosa lako ni langu."

"Ni langu."

"Rhimu, mwambie huyu."

Nikamwambia. "Sini, hapa kosa halibebwi na mtu mmoja. Linabebwa na nyumba. Ndiyo heshima ya nyumba."

Akafikiri. "Na Ba Mfaddal nyumba yake ni nani?" akauliza. "Yeye siku tatu hizi amebeba peke yake."

Lalla Ghita akainuka. Akaenda kabatini akatoa pande la sukari, lile refu lenye ncha, limefungwa karatasi ya buluu, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Akampa Sini. "Libebe mwenyewe basi," akasema. "Lina kilo mbili."

Alasiri tanuri lilikuwa limejaa watu wanasubiri mikate. Ba Mfaddal yuko shimoni, chaki sikioni. Tukaingia watatu na sukari. Watu wakapisha, kila mtu akijua sukari ile ina maana mtu kakosa, na wakawa wanatafuta ni nani.

Sini alikuwa ameandaa hotuba. "Ba Mfaddal mheshimiwa," akaanza, "ningependa kubainisha mbele ya hadhira—"

"Ni mimi niliyempa ubao mzito," Lalla Ghita akamkata. "Mtoto wa watu, hajazoea, tena punda akampitia."

"Mwenye punda naye," akasema mama mmoja wa nyuma, ambaye hata hakujua tunazungumzia nini. "Wale watu wa punda hawaangalii."

"Na mimi pia sikupaswa kuswali wakati wa msongamano," akasema Ba Mfaddal, naye hajui, ila sukari imeshamfanya awe mkarimu. "Ningengoja kidogo."

"Hata sisi tungehesabu mikate yetu mapema," akasema kijakazi wa nyumba ya Si Tayeb.

Kwa dakika nzima watu walinyang'anyana lile kosa kama nguo za mnadani, na Sini katikati, sukari inamteleza mikononi, kila akifungua mdomo mtu anamwonea huruma. Mwisho akaiweka sukari chini, kishindo.

"Nipeni kosa langu," akasema. "Tafadhalini. Ni langu."

Akasema yote, bila hotuba. Simu, punda, mfereji, pipa, mikate ya matanga, na ule uongo wa "nilileta". Hakumtaja mtu wa dirishani. Nilisubiri anitaje na hakunitaja.

Ba Mfaddal akatoka shimoni. Hakuuliza habari ya pipa wala ya matanga.

"Jumatatu," akasema. "Uliniletea ubao, hukuniletea?"

"Sikuleta."

"Sema tena."

"Sikuleta, Ba Mfaddal."

Akakaa juu ya gunia la pumba. "Hakuleta," akatuambia sisi, kama vile tulikuwa viziwi. "Mnasikia? Hakuleta. Ndiyo maana siuoni. Ubao haukuwepo." Machozi yakamtoka kwenye uso ule usio na nyusi, na huku anacheka, na tumbo linaruka. "Mimi siku tatu nautafuta ubao kichwani, kumbe haukuwepo."

Kisha akaanza kazi. Alichukua mbao moja moja, akafuta chaki kwa mkono wa kanzu yake, na kila akifuta alitaja mwenyewe bila kugeuza: ya Zubida, ya fakihi wa msikiti, ya wale wa mlango wa kijani. Na kila mwanamke mpya aliyeingia alimwita Sini. "Njoo. Mwambie na huyu." Sini anasema, "Sikuleta." "Mwambie tena, huyu anasikia kwa shida." Maskini alisema mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo tulikula mikate iliyoungua ukingoni, nyumba zote arobaini na tatu, na hakuna aliyelalamika.

Jioni ile Sini alimpigia simu Ustadha Widad akamwambia mwenyewe. Jumamosi Ustadha akaja tanurini na miwani na faili. Akasema sheria ni sheria, onyo la tatu limetimia, ila karatasi inadai sahihi ya aliyekosewa.

Ba Mfaddal akafuta mikono. "Mimi nimeshamhukumu," akasema. "Kila siku akitoka shule anabeba mikate ya nyumba ya Si Tayeb, anaipeleka mpaka mlangoni, simu anaiacha kwangu. Hukumu ya kwanza haijaisha, utampaje ya pili?"

"Na hiyo inaisha lini?" Ustadha akauliza.

"Mwezi wa sita."

Ustadha Widad akamtazama, akatazama faili. Akasema atafikiri. Wanaofikiri hawafungi faili kwa tabasamu kama lile.

Wakatoka. Sini alikuwa wa mwisho, ubao wa Si Tayeb kichwani, mikono yote miwili juu. Alipopita mbele yangu akasimama. "Halati," akasema kwa sauti ndogo, na safari hii kwa Kiarabu chetu cha mtaani, barabara kabisa, "zamu yako." Akaenda zake, mgongo karibu na ukuta.

Nikabaki mimi na Ba Mfaddal. Nikapangusa meza isiyo na vumbi.

"Niliona," nikasema. "Jumatatu. Nilikuwa dirishani. Ulipokuja kuniuliza nilikuwa najua."

Akaacha koleo. "Ulijua kwamba haukuletwa."

"Nilijua."

"Ukaniacha siku mbili."

"Nikakuacha. Ni vibaya, na nimekuja kusema ni vibaya. Ila uliniambia unga wangu una walakini, Mfaddal. Mbele ya mama mkwe wa Nezha."

Akaingiza mkate mmoja, akautoa, akaurudisha. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza ningekuwa sina la kusema.

"Mama Driss alikuwa mgonjwa wiki ile," akasema hatimaye, akitazama moto. Huyo ni marehemu mkewe. "Sikulala siku tatu. Nikasinzia hapa hapa nimesimama. Unga wako haukuwa na kitu, Rhimu. Niliziunguza."

Miaka ishirini na miwili. Nikavuta lile gunia la pumba, nikakaa vizuri, nikapanga kanzu yangu magotini.

"Sema tena," nikamwambia.